Gati la Tatu Lipumzishwe

9 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako dereva wa lori la mafuta ya ndege kanipa jana getini. Aliificha ndani ya kofia isilowe. Imenuka kichwa chake lakini imesomeka.

Mimi mzima. Kikohozi kipo, hakijaongezeka kimo. Simu usipige. Sikio la kushoto limekufa kabisa, la kulia linachagua maneno. Na gatini simu marufuku, cheche moja tu sote tunaruka. Kwa hiyo andika. Dereva anapeleka mafuta huko kwenye uwanja wenu wa ndege kila wiki, na hapotezi kitu.

Unasema wizara imekupa kazi ya kuandika mpango wa serikali, miaka mitatu, meli na ndege zipunguze moshi. Unasema mko saba na wenzako wote bandari wameiona kwa dirisha la ndege. Wewe ndiye uliyezaliwa humu masizini, basi wamekutupia. Sawa. Aliyekulia jikoni haambiwi moto ukoje.

Unauliza meli ikifika kunakuwaje. Kunakuwa hivi. Inafunga kamba. Injini kubwa inazimwa. Zile ndogo hazizimwi. Zinanguruma siku tatu, siku nne, mpaka inaondoka. Kwa nini? Taa zake, majokofu yake, birika la nahodha. Moshi wote huo kwa ajili ya birika. Upepo ukigeuka unaingia kwenye nyumba zetu. Si unakumbuka shuka nyeupe ya mama yako. Anaifua, anaianika, inaingia masizi, anaifua tena. Kila wiki shuka moja mara mbili. Nilimwambia tununue ya rangi. Akasema masizi hayatamchagulia yeye rangi.

Ungekuwepo waya mnene kutoka nchi kavu, meli ingechomekwa kama pasi. Injini zote kimya. Wanasema nchi za watu wanafanya. Mimi sijaona.

La pili. Meli zinakimbia mno. Zinakuja mbio njia nzima, zikifika zinatia nanga nje siku tano kungoja gati. Sheria ya bandari, aliyetia nanga kwanza ndiye anaingia kwanza. Basi wote wanakimbia kuwahi kungoja. Mafuta wanayounguza kukimbilia foleni, acha tu. Wapeni namba wakiwa bado mbali, kama kwa daktari. Waje taratibu. Hilo halitaki waya wala mtaalamu.

Mwisho unauliza, baba ungekuwa wewe ungeanza na nini. Mimi ningeanza na Gati la Tatu. Gati la Tatu lipumzishwe. Limechoka. Hilo msingoje miaka mitatu. Hilo la wiki hii.

Kula. Mwandiko wako umekonda.

Baba yako


20 Februari

Shikamoo baba,

Barua yako nimeisoma mara mbili nyumbani na mara ya tatu kwenye kikao. Ile "kukimbia kuwahi kungoja" wamecheka wote, hata mkurugenzi wetu, ambaye tunamwita Bosi na ambaye hacheki. Kaiandika ubaoni na mpaka leo haijafutwa. Tulikuwa na kurasa mia mbili na kumi za wataalamu zinazosema jambo hilohilo, na hakuna kati yetu aliyefika mwisho.

Nikwambie tulipo. Waziri hataki kurasa. Anataka mambo yanayoweza kuanza mwaka huu, yaliyo mikononi mwa serikali yenyewe, bila kungoja mikutano ya dunia. Kwa ndege tumepata moja. Mafuta ya ndege yatachanganywa kidogo na mafuta yaliyokwisha kukaangiwa, yanakusanywa mahotelini, yanasafishwa. Kwa meli, waya wako ni mpaka mhandisi amalize, na mhandisi hamalizi. Namba za foleni wanasheria wanazibishania, kila mmoja na kitabu chake. Kwa hiyo jambo la kwanza la meli, ukurasa wa kwanza kabisa, ni lile lako la Gati la Tatu. Bosi kalipenda. Anasema hilo linaonekana.

Chumba chetu kina madirisha manne na hakuna linalofunguka. Tunaandika habari za hewa chafu huku tunavuta hewa ya jana. Nimechoka, baba. Lakini wangu ni uchovu wa kukaa. Wako wa kuvuta mpira wa mafuta nauheshimu.

Mwanao


3 Machi

Mwanangu,

Ndege inywe mafuta ya kukaangia? Basi ikipita juu mtaa mzima utasikia njaa. Nimewasomea wenzangu, Bubu kacheka mpaka kakaa chini. Bubu humjui, alikuja baada ya wewe kuondoka. Tunamwita Bubu kwa sababu hanyamazi.

Juzi wamekuja watu watatu wa wizara na kanda za kupimia. Wamepima gati lote, urefu, upana. Wamehesabu mipira ya mafuta, wamehesabu viungo, wametuhesabu na sisi. Kumi na nane. Mmoja kaniuliza umri wangu, kaandika. Hawakusema zaidi. Mnyapara wetu kasema tayari, mpira mpya unakuja. Tumefagia. Bubu kapaka rangi nguzo ya kufungia kamba, hakuna aliyemtuma.

Nikawaambia hii ni kazi ya binti yangu. Nisingesema. Lakini nimesema.

Waharakishe lakini. Mpira una miaka kumi na moja. Mnene kama paja, mzito kama maiti, na sasa umepasukapasuka kama kisigino. Tukiuvuta mpaka kwenye meli na pampu ikaanza kusukuma, viungo vinatema. Alhamisi kiungo cha pili kimemtemea Bubu mafuta mazito kifuani, ya moto. Kaungua kuanzia bega mpaka kwenye kitovu. Siku mbili akawa bubu kweli. Hatukupenda.

Baba yako


15 Machi

Shikamoo baba,

Mpe pole Bubu. Mwambie nimemcheka na kumhurumia kwenye barua moja.

Nakuuliza na unijibu moja kwa moja. Miaka yako ya kustaafu imebaki miwili, sivyo? Ikitokea ukapumzika kabla, utakasirika? Hapa kwangu kuna chumba cha pili. Kina dirisha na linafunguka, nimelijaribu mwenyewe.

Na jingine. Wenzako umewaambia lile la kupumzishwa Gati la Tatu? Wamelipokeaje? Kuna sehemu kwenye faili inayouliza kama wafanyakazi wameshirikishwa. Nimeiacha tupu wiki mbili. Sitaki kuijaza kwa kubahatisha.

Kuna siku naandika neno moshi mara arobaini. Kila nikiliandika nasikia kifua cha mama. Wenzangu kwao ni tarakimu. Mimi nainuka naenda kunawa uso.

Mwanao


22 Machi

Mwanangu,

Kustaafu kumebaki miaka miwili na miezi minne. Chumba sitaki. Mama yako kalala hapa, nikiondoka nani atampalilia. Hilo dirisha lifungue upate hewa wewe.

Habari ya moshi na mama yako. Daktari hakusema ni moshi. Wala hakusema si moshi. Alisema kifua. Mimi naivutia meli mpira, meli inashiba, inamtemea mke wangu. Nimeshalifikiria hilo, usidhani sijalifikiria. Tuliache.

Wenzangu nimewaambia. La kupumzishwa Gati la Tatu wamefurahi wote. Mnyapara anasema tangu azaliwe hajaona serikali ikimsikiliza mvuta mpira. Bubu anasema gati likirudi ataandika jina lako kwenye ile nguzo yake. Nimemwambia asikosee herufi.

Jaza hapo pako. Wameambiwa, wamekubali.

Baba yako


2 Aprili

Shikamoo baba,

Umenitua mzigo. Nimejaza: wafanyakazi wa Gati la Tatu wameelezwa na wameridhia. Barua yako ya tarehe tisa Februari nimeibana nyuma kama ushahidi. Bosi kasema hii ndiyo mara ya kwanza faili letu kuwa na sauti ya mtu anayetoka jasho.

Sasa naweza kukupa tarehe. Waziri anatia sahihi tarehe ishirini na tano mwezi huu. Gati linafungwa tarehe mosi Julai, kabisa. Meli zinazotaka mafuta mazito zitajua zenyewe pa kwenda. Ninyi kumi na nane mtapewa semina ya siku tatu ya namna ya kutafuta kazi nyingine. Wewe kwa umri wako utastaafishwa mapema, hilo nimelisimamia mwenyewe.

Najua si jambo jepesi mtu kuomba gati lake mwenyewe lifungwe. Nimekuheshimu zaidi kwa hilo.

Mwanao


6 Aprili

Mwanangu,

Nani kaomba lifungwe?

Nimeisoma barua yako mara nne. Nikadhani ni macho. Nikampa Mnyapara anisomee, na Mnyapara hajui kusoma kimyakimya. Kasoma kwa sauti, pale kwenye benchi, wote wamekaa. Alipofika kwenye semina akasimama. Akarudia mstari. Halafu akanirudishia karatasi kwa mkono wa kushoto.

Niliandika lipumzishwe. Sikuandika lifungwe. Gati likipumzishwa linasimama siku tisa. Mpira mbovu unatolewa, mpya unafungwa, viungo vinakazwa, linarudi kazini. Huko ndiko kupumzisha. Hapa bandarini winchi inapumzishwa, tishari linapumzishwa, yote yanarudi. Na wewe neno hili unalijua. Baiskeli yako ya matairi matatu ikikatika mnyororo ulikuwa unaniletea mlangoni, unasema baba ipumzishe. Hukuwa na maana niitupe baharini.

Halafu kufunga kunasaidia nini? Meli isipokunywa hapa itakunywa kwa jirani, siku mbili mbele. Siku mbili hizo nazo ni moshi. Moshi ni uleule, kahama nyumba tu.

Hapa hali si nzuri. Hawajanipiga. Afadhali wangenipiga. Saa ya kula nikikaa kwenye benchi wao wanahamia kwenye rundo la kamba. Wamenipa jina, Mtia Sahihi. Mtia Sahihi lete spana. Mtia Sahihi katuombea semina, tukajifunze kutafuta kazi tuliyokuwa nayo. Bubu ana watoto wanne na bandeji kifuani. Yeye hanitanii. Haniambii kitu. Hicho ndicho kinachouma.

Wewe uliye huko ndani, niambie. Hili linarudishika au halirudishiki?

Baba yako


10 Aprili

Baba,

Barua hii nimeianza mara tatu kwa kujitetea. Zote tatu nimezichana.

Hapa ofisini mtu akipumzishwa harudi. Wiki ijayo kiti chake kina koti la mwingine. Nilipoandika rasimu neno lako nililiacha kama lilivyo. Bosi akanyanyua kichwa akauliza, "Kupumzishwa, yaani kufungwa?"

Nikamwambia, "Ndiyo."

Nilikuwa najua, baba. Nisikudanganye. Baiskeli niliikumbuka palepale nikiwa nimesimama mbele ya meza yake. Na kwenye barua yako ya Machi uliandika "gati likirudi". Nililiona. Nikalipita kama mtu anavyompita njiani mtu aliyemkosea. Waziri alitaka jambo moja la kuonekana na wiki ile hatukuwa nalo. Na mimi nilitaka utoke hapo. Mama tulimtoa kwenye ile nyumba amebebwa, sikutaka na wewe utoke umebebwa. Nikajiambia baba kachoka, anaomba kwa namna yake. Ilinifaa kuamini hivyo, nikaamini.

Unauliza kama linarudishika. Faili liko kwa Bosi, siku kumi na tano kabla ya sahihi ya waziri. Ndani imeandikwa kwamba mmekubali. Kulifungua tena lazima ijulikane nani kakosea. Mwandikie Bosi barua ya ofisi, waziwazi, ulimaanisha nini. Wenzako waweke dole gumba. Ipitie kwangu niifikishe mezani mwenyewe.

Na tafadhali, usinisitiri.

Mwanao


14 Aprili

Mwanangu,

Barua ya Bosi wako ni hiyo nyingine, usiichanganye na hii.

Madole nimeyapata kumi na saba. Nilidhani nitapata matatu. Nilianza kwa Mnyapara, nyumbani kwake, anakata kucha. Kaisoma yote, kwa sauti, mke wake akatoka jikoni kusikiliza. Akaniuliza kwa nini nimeandika kosa ni langu na si la binti yangu. Nikamwambia kila mtu na mtoto wake. Akaweka dole, akampa na mke wake karatasi aone.

Baada ya Mnyapara wengine walikuwa wepesi. Walinitania tu. Mmoja kasema leo Mtia Sahihi anaomba sahihi, dunia duara. Nikacheka na wao. Kucheka kumenitoka kama kukohoa.

Wa mwisho Bubu. Kakaa kwenye kizingiti, mkewe anambadilisha bandeji. Nikasimama na karatasi na kidau cha wino. Kaniacha nimesimama mpaka bandeji ikaisha. Halafu kasema, "Mzee, mimi nilipaka ile nguzo rangi kwa mikono yangu." Nikamwambia najua. Kasema, "Basi hawawezi kuifunga." Akachovya dole. Akalikandamiza mpaka karatasi ikatoboka kidogo. Mwambie Bosi wako tundu hilo si uchafu.

Umesema nisikusitiri. Nimesikia. Mimi sikio moja.

Baba yako


14 Aprili

Bwana Mkurugenzi,

Mimi ni mvuta mpira wa Gati la Tatu, miaka ishirini na tisa. Shule nimeishia darasa la nne.

Tarehe tisa Februari niliandika gati lipumzishwe. Niliandika vibaya. Kosa langu. Mwandishi wenu kasoma alichokiona. Mtu wa darasa la nne akiandika ovyo asilaumiwe aliyesoma.

Nilimaanisha litengenezwe. Siku tisa. Mpira mpya, viungo vipya. Ule uliopo unavuja. Mafuta yanaingia baharini na kwenye vifua vya watu, nina mtu hapa ana ushahidi mwilini.

Kukubali kwetu tulikubali hilo. Hatukukubali kufungwa. Hatukuulizwa kufungwa.

Mkitaka moshi upungue mwaka huu huu, wapeni meli namba zikiwa mbali, zije taratibu. Kalamu na karatasi vinatosha. Halafu leteni waya. Muanzie Gati la Tatu, ndilo lililo karibu na nyumba za watu kuliko yote. Huo waya tutauvuta sisi. Mikono ni hiihii. Hauwezi kuwa mzito kuliko mpira.

Mkifunga, meli zitakwenda kwa jirani. Hesabu zenu zitapendeza. Hewa haitajua kitu.

Mlikuja kutuhesabu mkapata kumi na nane. Hapo chini kuna madole kumi na saba na sahihi moja. Sahihi ni yangu.

Mvuta mpira, Gati la Tatu


19 Aprili

Shikamoo baba,

Nilikuomba jambo moja.

Barua yako nimeifikisha kama ilivyo, na madole yote, na tundu la Bubu. Lakini juu yake nimebana ya kwangu, mistari sita. Nimeandika kwamba barua yako ya Februari haina kosa. Neno ulilotumia ni sahihi na kila mtu bandarini analielewa. Aliyelibadili ni mimi, na nililibadili nikijua. Nikatia tarehe na jina.

Nilisimama akisoma. Ya kwako kaianza yeye, kaivuta kutoka chini. Alipofika kwenye darasa la nne kasema, "Mzee huyu anadanganya vizuri kuliko wanasheria wetu." Halafu kasoma yangu. Kavua miwani, kaifuta, kaivaa, kasoma tena. Kisha kaniambia nimwachie faili.

Toka pale watu hapa wananisalimia kwa upole. Si dalili nzuri, salamu za upole ofisini ni kama maua. Mezani kwangu hakuna karatasi mpya iliyoletwa tangu juzi. Nakaa tu na kalamu.

Sijui kitakachotokea, kwako wala kwangu. Ila nimelala vizuri jana. Mara ya kwanza tangu Februari.

Mwanao


3 Mei

Mwanangu,

Wale watu wa kanda za kupimia wamerudi. Safari hii wamekuja na lori na juu yake mpira mpya, mweusi unang'aa, unanuka duka. Tangazo limebandikwa getini. Gati la Tatu litasimama siku tisa kuanzia tarehe kumi na moja kwa matengenezo. Wameandika matengenezo. Wamejifunza.

Namba za meli zinaanza mwezi ujao kwa majaribio. Mnyapara kaambiwa na nahodha mmoja, huyo nahodha kalalamika, hajazoea kwenda polepole, anasema mabaharia watanenepa. Waya wanasema mwaka ujao. Mambo ya mwaka ujao nimeshayasikia mengi maishani. Lakini kwenye tangazo neno waya lipo. Nimeliwekea kidole.

Dereva anasema yale mafuta ya ndege yaliyochanganywa keshayabeba, tangi moja. Kayanusa. Anasema hayanuki chakula hata kidogo, kasikitika.

Wamerudi kwenye benchi. Hakuna aliyeomba radhi. Wamekuja tu wakakaa, mmoja kaniambia nisogee. Jina halijatoka, jina likishanasa halitoki, ila sasa wananiita Mtia Sahihi wakitaka niwaandikie barua zao. Bubu kafungua mdomo. Sasa tunamwomba anyamaze.

Mimi nimechoka. Siyo ya kazi. Ni ile ya baada ya kushusha kitu, mikono bado inadhani imebeba.

Kwako kimya. Siku kumi na nne. Dereva kaja mikono mitupu mara mbili. Mara ya pili nilimvua kofia.

Wamekufanya nini?

Baba yako


9 Mei

Shikamoo baba,

Nimepumzishwa.

Mwanao


12 Mei

Marahaba, mama.

Nimelisoma neno lako. Nimelisoma mara moja, sikumpa Mnyapara. Na safari hii sikujidai kwamba naelewa. Nauliza kwanza. Ni kwa lugha ya huko au ya huku?

Kama ni ya huko sina la kusema, huko sikujui. Kama na wewe bado hujui ni ipi, chukua ya huku. Njoo. Panda na dereva, nimeshazungumza naye, kiti cha mbele kiko wazi, anawekaga kofia tu. Ukae siku tisa. Ule, ulale, ukae mlangoni. Kilichopasuka tutakitazama. Viungo tutavikaza. Halafu utarudi kazini, kule au kwingine, hilo utaniambia siku ya kumi.

Ufunguo uko palepale mama yako alipokuwa anauweka.

Leo ni siku ya pili gati limesimama. Upande wetu hamna meli, hamna ngurumo. Hata sikio la kulia limeshangaa. Asubuhi nilitoa ile shuka nyeupe kwenye sanduku, nikaifua, nikaianika. Ni ya kitanda chako. Nikavuta kiti nikakaa naitazama. Upepo umegeuka mara mbili, nimeuona kwenye majani. Shuka imekauka nyeupe.

Nimeifua mara moja tu.

Baba yako